Milimita 25 na Kiini cha Saratani: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Polipu za Utumbo Mpana

Mgonjwa ni mwanamke wa miaka 58. Tumbo halimuumi, uzito haujapungua, choo anapata kama siku zote. Alipima kinyesi kutafuta damu isiyoonekana kwa macho, kipimo ambacho hupewa watu wa umri wake hata wasipokuwa na dalili yoyote, na majibu yakarudi kwamba damu ipo. Akaandikiwa kolonoskopi: kamera ndefu nyembamba inayopitishwa njia ya haja kubwa, ikapanda utumbo mpana wote hadi unapoungana na utumbo mwembamba, kisha ikarudishwa taratibu huku daktari akikagua kila mkunjo. Kisa hiki nimekiunda kutokana na mambo yanayokutwa kila mara katika vyumba vya endoskopi. Si faili la mtu fulani, lakini hakuna hatua ndani yake ambayo haiwafiki wagonjwa halisi.

Zilikutwa polipu tatu, yaani vivimbe vinavyoota kwenye utando wa ndani wa utumbo. Ya kwanza ilikuwa ya milimita 3, kwenye utumbo unaoshuka upande wa kushoto. Ya pili ilikuwa kwenye sehemu inayokatiza tumbo, imekaa moja kwa moja juu ya utando bila kikonyo, na ukubwa wake ulizua mjadala tutakaoufikia. Ya tatu ilikuwa chini zaidi, pale utumbo unapojipinda kabla ya kuingia kwenye puru: kichwa cha milimita 25, chekundu, kimesimama juu ya kikonyo kinene mithili ya uyoga. Damu iliyoonekana kwenye kipimo huenda ilitoka hapo. Kichwa kikubwa namna hiyo hukwaruzwa na kinyesi kila kinapopita, ilhali polipu ya milimita 3 kwa kawaida haitoi damu ya kutosha kugundulika. Ndiyo maana kipimo cha kinyesi hukamata polipu kubwa kwa urahisi kuliko ndogo, na ndiyo maana majibu yakija hayana damu, mtu hurudia kupima baada ya muda, kwani kipimo kimoja hakitoshi kwa maisha yote.

Alipozinduka kutoka kwenye dawa ya usingizi, swali lake lilikuwa moja. "Daktari, hiyo kubwa ni saratani?" Jibu la haki kwa wakati ule lilikuwa hili: kwa ukubwa huo inawezekana, lakini uwezekano mkubwa zaidi bado ni kwamba si saratani, na hakuna atakayejua mpaka isomwe yote maabara.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu ndani yake ukubwa wa polipu unapewa nafasi tofauti kwa nyakati tofauti. Kabla ya maabara, ukubwa ndio shahidi mkuu. Majibu ya maabara yakishafika, katika swali gumu kuliko yote, ukubwa unatakiwa kukaa pembeni na kuwaachia wengine wazungumze. Watu wanaopata taabu bure, na hata wanaofanyiwa upasuaji usiohitajika, mara nyingi ni wale ambao hakuna aliyewatenganishia nyakati hizo mbili.

Kwa nini milimita zinahesabiwa

Polipu nyingi za utumbo mpana hazitageuka saratani kamwe. Vile vivimbe vidogo vyeupe vinavyokutwa kwenye puru, ambavyo maabara huviita haipaplasia, havimtishi mtu. Zinazotuhusu zaidi ni adenoma, ambazo seli zake zimeshaanza kukiuka utaratibu wa kuzaliana. Saratani nyingi za utumbo mpana na puru huanzia kwenye adenoma, na nyingine huanzia kwenye polipu za aina ya msumeno. Safari kutoka adenoma changa hadi saratani kwa kawaida huchukua miaka 10 au zaidi. Duniani ugonjwa huu unashika nafasi ya 3 kwa wagonjwa wapya wa saratani na nafasi ya 2 kwa vifo, na bado ni miongoni mwa saratani chache zinazoweza kuzuiwa kwa kuondoa kitu kabla hakijaharibika.

Mwaka 1975, Muto, Bussey na Morson wa hospitali ya St Mark's, London, walichapisha hesabu ambayo inarejewa mpaka leo. Walipitia adenoma zaidi ya 2,000 wakauliza ni ngapi zilikuwa na saratani ndani yake. Kati ya zile zilizokuwa chini ya sentimita 1, zilikuwa asilimia 1.3. Kati ya zile za sentimita 1 hadi 2, asilimia 9.5. Zilizozidi sentimita 2, asilimia 46. Walipozipanga kwa jinsi seli zilivyojipanga, adenoma za tubula (zilizojipanga kama mirija) zilikuwa na saratani kwa asilimia 4.8, zile mchanganyiko asilimia 22.5, na za vilasi (zilizochomoza kama vidole) asilimia 40.7.

Msomaji anayejilinganisha na namba hizo asiishike ile 46 kama hukumu. Zilitoka katika hospitali kubwa ya upasuaji, zama ambazo kamera ya utumbo mpana ndiyo kwanza inaanza kuenea. Polipu ya kwanza kukatwa kupitia kolonoskopi ilikatwa mwaka 1969, New York, na Hiromi Shinya akishirikiana na William Wolff. Wagonjwa waliofika huko walikuwa wameshachujwa na dalili zao. Polipu zaidi ya sentimita 2 zinazokutwa leo kwa watu wasioumwa zina saratani kwa kiwango cha chini sana ya hapo. Kilichosimama imara kwa karibu nusu karne ni mpangilio: kila kundi la ukubwa lina hatari zaidi ya lile lililo chini yake, na ngazi hiyo imeonekana tena na tena katika tafiti za baadaye.

Sababu yake inaeleweka ukitazama seli. Mwaka 1988 kundi la Bert Vogelstein wa Johns Hopkins lilipima jeni za familia ya RAS ndani ya polipu. Adenoma ndogo kuliko sentimita 1 zilikuwa na hitilafu ya jeni hizo kwa asilimia 9 tu. Zilizozidi sentimita 1, asilimia 58. Miaka miwili baadaye, yeye na Eric Fearon wakaweka wazi picha nzima: kwanza jeni ya APC inapotea na adenoma inaanza, baadaye inakuja hitilafu ya KRAS, mojawapo ya zile jeni za RAS, na adenoma inakua, kisha zinaanguka jeni nyingine ikiwemo TP53, ambayo kazi yake ni kuzuia seli mbovu isiendelee kugawanyika. Hitilafu hizi hazilazimiki kufuata mstari mmoja. Jambo la msingi ni kwamba zinarundikana. Na ili zirundikane panahitajika seli nyingi zinazogawanyika kwa muda mrefu. Polipu ya milimita 25 ina kipenyo mara 5 ya polipu ya milimita 5, lakini ujazo wake, zikiwa na umbo moja, ni mara 125. Seli mara 125, kila moja na nafasi yake ya kukosea. Ukubwa, basi, ni kumbukumbu ya mambo mawili kwa pamoja: polipu imekaa muda gani, na imepata nafasi ngapi za kuharibika.

Je, polipu kubwa ikiachwa? Hakuna daktari leo atakayeiacha makusudi ili aone, lakini zamani za kabla ya kamera wapo waliokataa upasuaji au hawakuuweza. Watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, katika ripoti ya mwaka 1987, waliwafuatilia kwa kumbukumbu za picha wagonjwa 226 wenye polipu za milimita 10 au zaidi ambazo hazikukatwa. Saratani mahali palepale pa polipu ilikuwa imewapata asilimia 2.5 baada ya miaka 5, asilimia 8 baada ya miaka 10, na asilimia 24 baada ya miaka 20. Namba hizi nazipenda kwa sababu zinasema mambo mawili ambayo mgonjwa anahitaji kuyasikia pamoja. Hatari ni ya kweli. Na wengi wao, hata baada ya miaka 20, hawakupata saratani pale.

Upande wa ndogo habari ni njema. Polipu za milimita 5 kushuka chini ndizo nyingi kuliko zote zinazokutwa, na saratani ndani yake ni nadra mno. Za milimita 6 hadi 9 nazo, kwa sehemu kubwa ya tafiti, hazifikii asilimia 1. Watafiti waliowahi kuziacha polipu za milimita 6 hadi 9 mahali pake, wakazipima tena kwa picha za CT baada ya wastani wa miaka zaidi ya 2, walikuta kama 2 kati ya 10 zimekua, nusu zimebaki vilevile, na zilizosalia zimesinyaa au kupotea. Kwa hiyo ile ya milimita 3 ya mgonjwa wetu haikuwa dharura ya aina yoyote. Iliondolewa kwa kitanzi bila umeme, kazi ya sekunde chache, kwa kuwa kamera ilikuwa tayari pale na hakuna macho yanayoweza kujua ipi kati ya ndogo itakua.

Kuna mahali ukubwa unadanganya, na haya lazima yasemwe kabla hatujasonga. Polipu bapa iliyobonyea katikati inaweza kuwa na saratani ingali ndogo chini ya sentimita 1. Ubonyeo huo ni ishara nzito kuliko kipimo chochote cha rula. Polipu za msumeno, ambazo hupenda upande wa kulia na hujifunika ute, hupita njia tofauti ya jeni na huchanganyika na utando kiasi kwamba ukingo wake hauonekani vizuri. Mwenye ugonjwa wa kurithi wa Lynch anaweza kutoka polipu ndogo hadi saratani kwa muda mfupi sana, ndiyo maana hupimwa kila mwaka 1 au 2. Na mwenye hitilafu ya kurithi ya APC huota polipu mamia hata maelfu. Kwake kuuliza ukubwa wa moja moja hakuna maana, utumbo wenyewe ndio unaotakiwa kuondolewa kwa wakati.

Ile ya milimita tisa au kumi

Polipu ya pili daktari aliikadiria kwa macho kuwa milimita 8. Muuguzi aliyekuwa anaandika aliuliza kama anaweza kufungua kitanzi kando yake. Kitanzi chenye upana wa milimita 10 kilipofunguliwa, polipu ilikijaza chote, ukingo kwa ukingo. Ripoti ikaandikwa 10. Kipande kilipofika maabara, baada ya kulowekwa kwenye formalini, dawa ya kuhifadhia, mpatholojia, daktari anayesoma vipande hivyo, alikipima akaandika 9.

Mtu wa nje ataona huu ni ubishi wa bure. Lakini milimita 10 ni mpaka rasmi. Adenoma yenye milimita 10 au zaidi inaitwa adenoma iliyopevuka, hata kama seli zake ni tulivu. Kwa mwongozo wa Marekani wa mwaka 2020, mtu aliyekutwa na adenoma 1 au 2 za tubula zilizo chini ya milimita 10 hurudi baada ya miaka 7 hadi 10. Moja ikifika 10, anarudi baada ya miaka 3. Wataalamu wa Ulaya mwaka huohuo walikwenda mbali zaidi: adenoma 1 hadi 4 ndogo, zenye displasia hafifu (seli zimevurugika kidogo tu), hazihitaji ufuatiliaji maalumu. Milimita moja, basi, inaamua kama mtu atakunywa tena dawa ya kusafisha tumbo baada ya miaka 3 au baada ya 10.

Wakati mpaka una uzito huo, kipimo chenyewe ni dhaifu. Lenzi ya endoskopi ni ya pembe pana: kitu kilicho katikati na karibu huonekana kikubwa, kilicho pembeni huonekana kidogo. Macho ya binadamu yana tabia ya kukimbilia namba za mviringo, na ripoti za endoskopi zimejaa 5, 10, 15 na 20 kuliko inavyowezekana kwa maumbile. Polipu ikikatwa damu yake hutoka ikanywea, formalini huikaza zaidi, na ikivutwa vipande vipande mpatholojia hana cha kupima. Ndiyo maana namsifu yule muuguzi. Kufungua kitanzi au koleo la upana unaojulikana kando ya polipu, kabla ya kukata, na kupiga picha vikiwa pamoja, kunachukua muda mfupi kuliko kuandika sentensi hii, na kunamwondolea mgonjwa miaka ya kurudi bila sababu, au miaka ya kukaa bila ulinzi.

Ipi itumike, 10 ya kitanzi au 9 ya maabara? Kwa maoni yangu, polipu ikiwa imepimwa kwa kulinganishwa na kifaa ingali mahali pake, namba hiyo ndiyo ishikwe. Kama ni kadirio la macho tu, na kipande kimetoka kizima, ya maabara ina haki zaidi. Na ikiwa polipu ya 9 ilikatwa safi katika utumbo uliosafishwa vizuri, mtu asiishi kwa hofu kwa sababu ya milimita moja iliyokosekana. Hatari hairuki pale kwenye 10. Inapanda mteremko, na mpaka umewekwa na watu ili kazi iweze kufanyika.

Siku ya kukata

Polipu ya tatu haikuguswa na koleo la baiopsi, na hili linafaa kuelezwa kwa sababu familia iliuliza kwa nini hawakuchukua "kipande kidogo kwanza." Kipande cha milimita 2 kutoka kwenye kichwa cha milimita 25 kinaweza kutua penye seli tulivu kikaacha saratani iliyo upande wa pili. Majibu mazuri ya kipande kidogo hayathibitishi lolote. Kwenye polipu bapa baiopsi huacha na kovu, na kovu hugandisha utando na tabaka la chini yake, kisha kukata baadaye kunakuwa kugumu. Kinachofaa ni kuitazama kwa makini ngozi yake: mpangilio wa vishimo na mishipa, kama kuna kidonda, kama kuna sehemu iliyopoteza mpangilio kabisa. Kichwa hiki kilikuwa na vishimo virefu vyenye matawi, bila kidonda, na kiliyumba kwa uhuru juu ya kikonyo chake. Dalili hizo ziliruhusu kukatwa kwa kamera.

Kikonyo kinene kina mshipa wa damu katikati. Kwa kichwa kinachofika milimita 20 au kikonyo kinachofika milimita 10, huchomwa adrenalini iliyozimuliwa kwenye kikonyo, au hufungwa kwa kitanzi cha plastiki au klipu, ili damu isifumuke. Hapa ilichomwa adrenalini, kikonyo kikapauka, kitanzi cha waya kikashushwa juu ya kichwa na kukazwa katikati ya kikonyo. Mahali pa kukazia ni uamuzi mzito. Ukikaza juu sana, chini ya kichwa, unaweza kupita ndani ya saratani yenyewe. Ukikaza chini sana, kwenye ukuta, unakaribia kutoboa utumbo na huachi kishina cha kushika damu ikianza. Umeme ukapita, kichwa kikaanguka, kikatolewa kizima ndani ya kiwavu. Kando ya mahali pale ikachomwa wino mweusi chini ya utando, ili atakayerudi, awe na kamera au na kisu, ajue pa kutazama.

Maabara, kichwa hakikukatwa ovyo. Sehemu ya chini ya kikonyo ilipakwa rangi, kisha kisu kikapita kwa urefu, kutoka juu ya kichwa hadi kwenye alama ya umeme, ili katika kioo kimoja cha hadubini ionekane njia yote ambayo saratani ingepita kama ingekuwepo.

Majibu

Ya milimita 3: adenoma ya tubula, displasia hafifu. Ya pili: vilevile. Ya tatu: adenoma mchanganyiko, displasia kali, na ndani ya kichwa kiini cha saratani kilichopenya msuli mwembamba ulio chini ya utando na kuingia tabaka linalofuata.

Kuvuka msuli ule ndiko kunakotenganisha mambo mawili. Displasia kali pekee, hata ikionekana mbaya kiasi gani, haina njia ya kusafiri kwenda kwenye matezi ya limfu. Ikishavuka, inakutana na mishipa ya damu na ya limfu, na hapo neno saratani linaandikwa kwa haki. Mpatholojia aliendelea: seli zimepevuka kiasi cha wastani (bado zinafanana kiasi na seli za kawaida), hakuna mshipa uliovamiwa, hakuna vikundi vya seli vinavyochomoza mbele ya saratani, uvamizi umeishia ndani ya kichwa, ambacho kwa ngazi za Haggitt za mwaka 1985 ni ngazi ya 1 kati ya 4, na kutoka saratani hadi mahali pa kukatwa kuna milimita 6. Protini zinazokosekana kwa wenye Lynch zilipimwa, zote zilikuwepo.

Kukata utumbo au kutokata

Mgonjwa alikuja na mwanawe wa kwanza. Ripoti walikuwa wameisoma nyumbani na maneno mawili yalikuwa yamewafunga: saratani, na milimita 25.

"Daktari, kitu kikubwa hivyo na kina saratani," alisema kijana. "Si mkate kipande cha utumbo tu, mama akae salama?"

Hofu hiyo ina msingi, nami sitaki idharauliwe. Saratani iliyoingia tabaka la chini ya utando, ukichukua wagonjwa wote kwa jumla, huwa imefika kwenye matezi kwa takriban mgonjwa 1 kati ya 10. Kukata polipu kwa kamera hakugusi matezi. Anayetaka upasuaji anataka kuziba mwanya huo.

Lakini ule 1 kati ya 10 hautoki popote sawasawa. Unajikusanya kwa wale ambao saratani imezama ndani sana, au seli zimevurugika kabisa, au mshipa umevamiwa, au ukingo wa kukatwa una saratani. Mgonjwa asiye na hata moja ya hizo, mwenye kiini kilichobaki kichwani juu ya kikonyo, ana hatari ndogo mno ya matezi. Na upande wa pili wa mizani kuna upasuaji wenyewe: dawa ya usingizi mzito, kidonda, uwezekano wa kuvuja pale utumbo unapounganishwa, na vifo, vichache lakini vipo, hasa kwa wenye magonjwa mengine ya moyo na mapafu. Kwa mgonjwa huyu upasuaji ungekuwa hatari kubwa kuliko kile unachokizuia.

Hapa ndipo ukubwa unapotakiwa kukaa pembeni. Milimita 25 zilisema ukweli pale mwanzo: ndizo zilizofanya kiini cha saratani kisimshangaze mtu. Lakini sehemu kubwa ya zile milimita 25 ilikuwa adenoma tu. Saratani yenyewe ilikuwa kitu kidogo ndani yake, na ilikuwa imetoka nzima. Polipu bapa ya milimita 12 iliyovamiwa hadi chini, yenye saratani ukingoni, ni kesi ya upasuaji. Hii ya 25 juu ya kikonyo sio.

"Mama," daktari alimwambia, akiichora polipu kwenye karatasi na kuweka nukta ndani ya kichwa, "saratani ilikuwa hapa. Tulikata hapa chini. Katikati ya hapa na hapa hakuna seli mbaya hata moja."

Aliiangalia ile karatasi kwa muda. "Kwa hiyo ilikuwepo, ila imeshatoka."

"Ndiyo. Na tutakuwa tunapaangalia."

Jopo la madaktari lilikaa, wapasuaji wakiwemo, likakubaliana: hakuna upasuaji. Kijana hakuridhika siku ileile, na hakulazimishwa kuridhika. Alipewa nakala ya ripoti na nafasi ya kumuuliza daktari mwingine, jambo ambalo kila familia iliyo katika hali hii inastahili kupewa bila kuombwa radhi wala kununiwa.

Kurudi lini

Kama ile ya tatu isingekuwa na saratani, ukubwa na displasia kali vingemrudisha baada ya miaka 3. Kwa kuwa ilikuwa nayo, ratiba ni ya waliopona saratani: mwaka 1, kisha miaka 3 baada ya hapo, kisha miaka 5, maadamu kila ukaguzi unakuta utumbo safi. Mjadala wa 9 au 10 kwake haukubadilisha kitu, lakini angekuwa na ile ya pili peke yake, ungekuwa ndio uamuzi wote.

Ubora wa ukaguzi wa mara hii ya kwanza una uzito kuliko ratiba yenyewe. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kila asilimia 1 ambayo daktari huongeza katika kiwango chake cha kugundua adenoma ilikwenda pamoja na upungufu wa asilimia 3 wa saratani zinazojitokeza baada ya kolonoskopi. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kama utumbo ulisafishika vizuri, kama kamera ilifika mwisho, na ilirudishwa kwa muda gani. Kwa muda mrefu dakika 6 zilihesabiwa kuwa za chini kabisa bila kuhesabu muda wa kukata, na mwaka 2024 wataalamu wa Marekani walipandisha hadi 8.

Mwaka ulipotimia, kamera ilifika kwenye wino mweusi. Palikuwa na kovu jeupe, laini, bila kivimbe, na baiopsi yake ilikuwa safi.

Swali la mwisho aliliuliza kijana, na safari hii lilimhusu yeye. Mzazi, ndugu au mtoto wa mtu aliyepata saratani ya utumbo mpana au adenoma iliyopevuka kabla ya umri wa miaka 60 hatakiwi kusubiri umri wa kawaida. Mwongozo wa Marekani unamtaka aanze kolonoskopi akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu yake aligundulika, lolote litangulialo, kisha arudie kila miaka 5. Mama yake aligundulika akiwa na 58. Yeye ana 36, kwa hiyo zamu yake ni miaka 4 ijayo, na wadogo zake wawili wakifikisha 40 kila mmoja kwa wakati wake. Aliandikiwa hayo kwenye karatasi, pamoja na ukubwa wa polipu na majibu ya maabara, ili atakayempima aanze na taarifa kamili.